Mkamwana Kizimbani

Kwanza niseme wazi kwamba mimi sikuwa na wasiwasi. Majirani watakuambia kwamba siku zile nilikuwa nimekonda, kwamba nilimgombeza muuza maji bila kosa, kwamba uani nilipafagia mpaka udongo ukaanza kupungua. Hayo ni maneno yao na midomo ni yao. Mimi nilijua mkamwana wangu atapata viza, kwa sababu safari hii kesi nilikuwa nimeishika mwenyewe.

Naiita kesi makusudi. Nilikuwa karani wa mahakama tangu msichana mpaka waliponistaafisha kwa hotuba ndefu na zawadi ya saa ya ukutani inayokwenda inavyotaka. Kiti changu kilikuwa chini kidogo ya meza ya hakimu. Hapo nimewaapisha mashahidi na kuandika waliyosema, na nimewaona wa kila aina: anayelia kabla hajaulizwa, anayejibu swali ambalo halijafika, anayemtupia jicho wakili wake kila anapomeza mate. Mtaani wananiita Mama Karani. Wengine wananiita hivyo kwa heshima na wengine kwa kuniogopa, na mimi huwa siwatenganishi.

Mkamwana wangu ni mwokaji mikate. Kazi yake iko kwenye kiwanda kidogo cha mikate, ghorofani, na huko ndiko alikokutana na mwanangu, ambaye ni fundi wa lifti. Siku hiyo mwanangu aliitwa kufungua lifti ya mizigo iliyokwama katikati ya ghorofa mbili. Akaubandua mlango kwa nondo, akamkuta ndani msichana amekaa juu ya kreti, anatafuna mkate wa moto, amenuna. Msichana akamuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Mwanangu hakuwa amewahi kuulizwa hivyo na mwanamke yeyote isipokuwa mimi, basi akapenda palepale.

Wakaoana. Harusi nilisimamia mimi, na mpambaji wa ukumbi bado akiniona barabarani anavuka ng'ambo. Haukupita muda mwanangu akapata mkataba nchi ya mbali, nchi ya majengo marefu ambako fundi wa lifti hawezi kulala njaa. Akatangulia. Mkewe akahamia kwangu na sanduku lake moja, tukakubaliana kwamba baada ya miezi michache atamfuata mumewe. Tuliokubaliana tulikuwa sisi watatu tu. Ofisi ya viza haikuwepo kwenye kikao kile.

Ombi la kwanza lilikataliwa. Tuliambiwa kwamba maafisa hawakuridhika kuwa ndoa hii ni ya kweli. Nilisoma maneno hayo nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Mimi niliyemliza mpambaji kwa ajili ya ndoa hiyo naambiwa eti ni ya bandia. Kama ningejua ofisi yao iko mlango gani siku ile, wangeniona.

Hasira ilipotulia nilimkalisha mkamwana wangu nikamtaka anieleze alichoulizwa na alichojibu, neno kwa neno. Hakufika mbali nikaelewa. Huyu mtoto ana mdomo. Ukimuuliza saa ngapi sasa, atakueleza saa yake aliinunua wapi, muuzaji alikuwa mtu wa namna gani na kwa nini mkanda ulikatika. Afisa alikuwa amemuuliza kitu kidogo tu, kwamba wewe na mumeo mlikutana lini. Akamweleza habari za lifti, za meneja aliyekimbia na ufunguo, za shoga yake aliyekuwa naye zamu, akaruka mpaka siku mwanangu alipomletea viatu, akarudi nyuma, akataja mwezi, akajisahihisha, akataja mwezi mwingine. Na mwanangu kwenye ombi lake alikuwa ametaja wa tatu kabisa. Nimeshuhudia mawakili wanafunzi, watoto wa juzi, wakimwangusha mtu mzima kwa kosa dogo kuliko hilo.

Tuliruhusiwa kuomba tena, tukaomba. Lakini nani asiyejua kwamba mara hii ndiyo ilikuwa ya mwisho? Hakuna aliyelitamka. Nililisikia tu kwenye simu. Zamani wale wawili wakishika simu ilibidi nipige chafya mara tatu ndipo waage. Sasa sauti ya mwanangu ilikuwa imechoka, na mkewe alikuwa akisema ana usingizi kabla giza halijaingia vizuri. Walikuwa wamekaa mbalimbali muda mrefu kuliko ule waliokaa pamoja. Nimeandika kesi nyingi za talaka, na wengi waliokuja mbele yetu hawakuwa wamepigana wala kutukanana. Walikuwa wamezoea tu kuishi bila mwenzao. Ofisi ile ikikataa mara ya pili, ndoa ya mwanangu ingekufa hivyohivyo kimyakimya.

Kwa hiyo nilitaka aende. Nilimwambia yeye, nilimwambia mumewe, nilimwambia hata muuza maji, ambaye hakuwa ameuliza.

Mazoezi tulianza siku ileile tulipopata tarehe ya mahojiano. Mkamwana wangu akitoka zamu, unga umemganda kwenye nyusi, anaoga, anakunywa chai, halafu anakuta meza nimeshaitoa kitambaa na viti viwili vinatazamana. Mimi nimevaa koti langu jeusi la mahakamani. Mwanzoni alicheka. Nikamwacha acheke mpaka akaona aibu ya kucheka peke yake.

Nikampa sheria. Jibu ulichoulizwa. Ukimaliza, nyamaza. Afisa akikaa kimya usimhurumie, kimya ni chake, mwache akae nacho. Usimwambie neno lolote ambalo hajalitafuta. Usicheke, usijibu swali kwa swali, na mikono yako iweke mahali ambapo hata wewe unaiona, maana huyu mtoto akiongea mikono yake inakanda unga usiokuwepo.

Mwanangu naye sikumwacha. Namuuliza yeye kwa simu huku mkewe nimempeleka uani, kisha namwita mkewe namuuliza yaleyale, naona wapi wanaachana. Siku ya kwanza waligongana kwenye kitanda. Mume kasema mke wake hulala upande wa ukutani, mke kasema hulala upande wa dirishani. Nikawasomea wote wawili, nikawauliza kama wanajua wanachokifanya, kama wanataka kunitia presha. Mkamwana akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akanikumbusha kwa adabu kwamba dirisha la chumba kile liko kwenye ukuta huohuo. Nikawaambia wachague neno moja.

Halafu ikaja ile ya vitunguu.

Nilikuwa nimemuuliza ni chakula gani mumewe hali. Hilo ni swali la bure kabisa, nilimpa apumzike. Akajibu kwamba mumewe anakula kila kitu. Nikavua miwani. Nikamwambia mwanangu hali vitunguu, hajala tangu mdogo, na mimi nimekuwa nikivitoa chakulani miaka yote hiyo, na hapa nyumbani mpaka leo hatupiki na vitunguu kwa sababu nimeshasahau ladha yake. Akatazama meza.

“Anakula, Mama,” akasema. “Hata vibichi anakula.”

Nikampigia simu mwanangu. Akaanza kukohoa kama mshtakiwa anayemwona binamu yake akiingia kutoa ushahidi. Mwisho akafunguka. Alisema alivikataa siku moja tu, alikuwa mtoto, alikuwa amenuna kwa sababu nyingine. Kesho yake nikavitoa, na keshokutwa, na nilikuwa nikijisifu mbele ya watu kwamba najua mwanangu anachokula. Alikosa pa kuanzia kuniambia. Miaka ikapita, akaoa, mkewe akajua siku ya kwanza walipopika pamoja.

Nilikwenda chumbani kwangu nikafunga mlango. Mtu akidanganywa na mwanawe juu ya vitunguu anaweza kucheka, na ningecheka. Kilichonichoma ni kwamba mkamwana huyu alikuwa amekaa mezani kwangu muda wote ule, anakula mchuzi usio na kitunguu, anasema asante Mama, na hakuwahi kunitobolea siri. Mtu mwenye mdomo kama ule. Nililala nikiwa na hasira naye, na asubuhi nikaamka nikamkatia vitunguu viwili kwenye mayai. Hatukuvizungumzia.

Nisije nikakudanganya kwamba nyumba yangu ilikuwa pepo. Tulikuwa tunagombana. Yeye akiosha vikombe mimi naviosha tena. Yeye haachi kuimba na hajui wimbo hata mmoja mpaka mwisho. Chupa ya chai haifungi, anaiegemeza kifuniko tu, chai inapoa, halafu anauliza kwa nini chai imepoa. Mikate anayoleta kutoka kazini nilimwambia haijaiva vizuri katikati, akaniuliza mbona nakula vipande viwili, nikamwambia kwa sababu shahidi mmoja hatoshi. Mtaa mzima ulikuwa unajua tukigombana na ukajua tukipatana, maana kuta zetu ni nyembamba na sisi wote hatujui kunong'ona.

Siku zilivyosogea akaiva. Nilimuuliza kwa upole akajibu, nilimuuliza kwa ukali akajibu vilevile. Mlikutana wapi? Kazini. Lini? Mwezi na mwaka, kisha kimya. Mumeo anafanya kazi gani? Fundi wa lifti. Nani alihudhuria harusi? Ndugu wa pande zote mbili. Nilijaribu kumnyamazia mpaka saa ya ukutani ikagonga saa isiyo yake, hakutikisika. Mikono imetulia juu ya meza, uso mkavu. Nilimtazama nikajisifu moyoni. Nilikuwa nimefundisha makarani wengi kazi, lakini shahidi wa namna ile sikuwa nimewahi kumwona.

Jambo moja niliona. Ile tabia ilikuwa imeanza kutoka mezani na kuingia ndani ya nyumba. Nikimuuliza kazini kulikuwaje, anasema kuzuri. Nikimuuliza tanuri lile bovu limetengenezwa, anasema bado. Kuimba kulikoma. Nyumba ilikuwa na kimya kizuri cha kusomea gazeti, kile nilichokuwa nikikiomba tangu aje, na nikajikuta sisomi gazeti. Nikajiambia hayo ndiyo matunda ya kazi.

Siku ya mahojiano nilimchagulia nguo mwenyewe, gauni la rangi ya kijivu, la mtu asiye na la kuficha. Tulifika mapema. Jengo lilikuwa la vioo, na mlangoni palikuwa na mlinzi mwenye orodha na mashine ya kupitishia mikoba. Mlinzi akasema anayeingia ni mwenye miadi tu. Nikamweleza mimi ni nani. Akasema hata wakili haingii. Nikamweleza tena, taratibu, kwamba mimi nilikuwa naingia mahakama kuu yeye akiwa bado ananyonya, na akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, “Mama, pale ng'ambo kuna kivuli.”

Mkamwana wangu akanipa mkoba wake, simu haziruhusiwi. Nilimwekea kola vizuri. Nilitaka kumwambia neno la mwisho la kesi nikakosa, kwa kuwa tulikuwa tumeshamaliza yote, nikamwambia asisahau kupenga makamasi kabla hajaitwa. Akasema sawa Mama. Akaingia.

Ng'ambo palikuwa na kibanda cha kupiga picha za pasipoti. Mwenye kibanda, kijana mnene mwenye sauti ya upole, akanipa kiti cha plastiki nikae kivulini. Nikakaa natazama mlango wa vioo. Aliyekubaliwa nilimjua kabla hajafika barabarani. Anatoka anatembea polepole, hataki kufika popote. Aliyekataliwa anatoka mbio, anaidai simu yake kwa aliyemshikia, na akiipata haipigi. Nilimweleza mpiga picha elimu hiyo. Nikamwambia pia kwamba picha ya mfano aliyoitundika imekaa upande. Akainyoosha.

Muda ukaenda. Watu niliowaona wakiingia nyuma ya mkamwana wangu wakaanza kutoka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni, akatoka. Mzee mmoja na fimbo yake, akatoka. Mpiga picha akaniuliza kama nataka maji, nikasema sitaki, akaniletea, nikanywa yote.

Mahakamani shahidi akikaa sana kizimbani, kuna kitu kimeharibika. Nikaanza kuzipitia kesi zangu kichwani nitafute ni kitu gani, na hapo ndipo nilipoona. Sijui nilikuwa nimefumba macho vipi. Katika miaka yangu yote, shahidi aliyetuharibia kesi zaidi hakuwa mwongo wala mwoga wala mropokaji. Ni yule aliyefundishwa. Anaingia na majibu yamepigwa pasi, hayana kunyanzi, na hakimu wetu wa zamani alikuwa akimsikiliza kidogo tu, anaweka kalamu chini, anauliza swali moja: nani amekufundisha? Basi. Ushahidi wote unaanguka, na ukweli uliokuwa ndani yake unaanguka nao. Niliandika swali hilo kwa mkono wangu mara zisizo na idadi. Halafu nimerudi nyumbani kwangu, nimemchukua mtoto wa watu anayesema kweli tupu, nimevaa koti, nimemkausha mpaka akawa vile.

Nilisema mwanzoni kwamba sikuwa na wasiwasi, na sifuti neno langu, lakini pale kwenye kiti cha plastiki niliogopa. Niliogopa sana. Mpiga picha aliniuliza kama niko sawa, nikamwambia picha yake bado imepinda.

Mlango wa vioo ukafunguka akatoka. Hakutoka polepole wala hakutoka mbio. Alisimama nje ya mlango kama mtu aliyesahau njia, uso wote umelowa machozi. Sikumbuki kuvuka barabara. Nakumbuka dereva mmoja akinipigia honi na mimi nikimwonyesha mkono. Nilimfikia nikamshika mabega.

“Tutakata rufaa,” nikamwambia.

Akatikisa kichwa. 

“Wamenipa, Mama.”

Nilimrudisha kivulini nikamkalisha kwenye kiti changu. Mpiga picha, Mungu ambariki, akajifanya ana kazi ndani. Nikamwambia mkamwana wangu anieleze toka mwanzo mpaka mwisho na asiruke hata neno. Hilo halikuhitaji kuamrishwa. Mdomo wake ulikuwa umerudi, na mikono nayo ilikuwa imerudi, anakanda hewa.

Afisa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mafua. Aliuliza, yeye akajibu. Akauliza, akajibu, fupi fupi, kama tulivyofanya. Mwanzoni afisa alikuwa anaandika. Kisha akawa anaandika kidogo. Kisha akaacha, akamtazama, akanyamaza, na yeye akamwachia kimya chake kama nilivyomwagiza, wakakaa hivyo wanatazamana. Mwisho afisa akaweka kalamu chini.

“Akaniuliza nani amenifundisha majibu haya,” mkamwana wangu akasema.

Nilifumba macho. Nikamwambia aendelee.

Swali hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Alitafuta jibu fupi akaona liko moja tu, akalisema: mama mkwe wangu. Afisa akauliza kwa nini mama mkwe amfundishe. Akasema kwa sababu safari iliyopita alisema mengi. Afisa akamuuliza mama mkwe mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Hapo ndipo bomba lilipopasuka. Alimweleza yule mtu kila kitu. Alimweleza koti jeusi. Alimweleza anavyopelekwa uani kama mbuzi huku mumewe akihojiwa kwa simu. Alimweleza kitanda na dirisha. Alipofika kwenye vitunguu afisa alivua miwani akajifuta macho, haikujulikana kama ni mafua au ni kicheko. Alimweleza kwamba naosha vikombe vilivyooshwa. Kwamba nasimama nje ya bafu kumkumbusha maji yanakatwa mchana. Kwamba alipougua homa nililala sakafuni pembeni ya kitanda chake mpaka ikashuka, na ilivyoshuka tu nikamgombeza kwa nini alikaa mbele ya feni. Kwamba tukigombana huwa namwita kwa jina lake lote la kwenye pasipoti, na tukipatana namwita mwanangu, na kwamba mumewe akipiga simu huuliza kwanza leo ni lipi kati ya hayo mawili.

Nikamwambia ile habari ya bafu haikumhusu afisa hata kidogo.

Akasema afisa ndiye aliyeipenda zaidi. Alikuwa amemwambia kwamba ameona watu wengi wakiigiza ndoa mbele yake, wengine wanaigiza vizuri mno, lakini hajaona bado mtu anayekubali kuigiza ndoa halafu akakaa na mama mkwe wa namna hiyo bure. Akachukua kalamu yake tena. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu.

Nilijinyoosha. Sikuwa najua nicheke au nikasirike, nikaamua kufanya vyote viwili nikifika nyumbani. Tulikuwa tumeshinda, na kwa njia ambayo hakuna wakili ambaye angeithubutu. Nikafungua mkoba nitoe simu tumpigie mwanangu, ambaye huko aliko najua alikuwa amesimama ndani ya lifti ya watu fulani bila kugusa hata spana.

Mkamwana wangu akaushika mkono wangu na simu ndani yake.

“Kuna swali la mwisho, Mama,” akasema. “Nilikuwa nimeshasimama. Akaniuliza kama wewe unataka niende.”

Nikasema bila shaka umemwambia nataka.

“Nimemwambia hapana.” Alinitazama usoni, na machozi yalikuwa yameanza tena. “Nimemwambia hutaki hata kidogo. Nimemwambia hutaki, na hata hivyo kila siku nikitoka kazini nakukuta umeshakaa mezani unanisubiri.”

Nilifungua mdomo nimpinge. Nina pingamizi za kila namna, nimeziandika, nazijua kwa moyo. Ya kwamba shahidi hawezi kusemea moyo wa mtu mwingine ni ya kwanza kabisa, mtoto wa shule anaijua. Nikaitafuta ulimini nikaikosa. Nikaona meza bila viti viwili. Nikaona nimeshika gazeti mchana kutwa. Na huyu mtoto alikuwa ameliona hilo kabla yangu, sijui tangu lini, na hakuwahi kunitobolea hilo pia.

Nikampangusa uso kwa kiganja, mashavu yote mawili, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto.

“Ni kweli sitaki,” nikamwambia. “Nenda kwa mumeo.”